Mdomo Ni Wake

Katika wodi ya watoto njiti kila mama alikuwa na jina la kupewa. Kulikuwa na Mama Pacha, kulikuwa na Mama wa Dirishani, na kulikuwa na Refa. Refa hakulichukia jina lake, kwani lilimfuata tu kutoka uwanjani. Kabla ya ujauzito alikuwa akichezesha mechi za ligi ya wanaume, mwanamke peke yake katikati ya majitu yenye jasho na hasira. Alishatukanwa na jukwaa zima, akatupiwa chupa za maji, akafuatwa mpaka mlangoni pa gari na kocha aliyekuwa akitetemeka kwa ghadhabu, na hata siku moja hakubadili uamuzi kwa sababu ya kelele. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu mpole asiyegombana hata na nzi, alipenda kuwaambia marafiki zake kwamba yeye alikwenda kuposa mke akarudi na mahakama.

Sasa Refa huyo huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, gauni la hospitali limefungwa kombo, akiogopa kumgusa binti yake mwenyewe.

Mtoto alikuwa amezaliwa zaidi ya miezi miwili kabla ya wakati. Alikuwa na ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na miguu ambayo Refa angeweza kuizungushia kidole gumba na cha shahada vikakutana. Puani alikuwa na mpira mwembamba uliokwenda mpaka tumboni. Kwa mpira huo ndio alikuwa akilishwa. Nesi aliinua bomba lenye maziwa, maziwa yakashuka yenyewe taratibu, na mtoto hata habari hana. Kazi ya Refa ilikuwa kukama. Alikama mpaka vidole vikafa ganzi, akamwambia Mama Pacha kwamba akitoka hapo atakwenda kuwaomba radhi ng'ombe wote aliowahi kukutana nao.

Jina la mtoto lilitokana na kofia. Kila alipovishwa kofia ya sufu ili asipate baridi, alijinyonganyonga mpaka ikamtoka, akalala kichwa wazi kama mtu aliyemaliza shauri. Nesi mmoja alichoka kuiokota, akasema, "Huyu ni kaidi." Basi Kaidi akawa Kaidi.

Alipoweza kupumua bila kusaidiwa, ukafika wakati wa kufundishwa kula kwa mdomo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Aliyesimamia wodi alikuwa Sista Mkuu, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka na mikono isiyotulia. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wengi walikuwa hai kwa sababu yake, na Refa aliwahi kumwona akimpulizia pumzi mtoto asiye wake mpaka akarudi kutoka alikokuwa akienda. Lakini vitanda vyake vilikuwa vichache na watoto hawakuisha kuja. Kila aliyeendelea kutegemea mpira alikuwa amekalia nafasi ya wengine waliokuwa wakilazwa wawili wawili kitanda kimoja. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake: mtoto anayepumua vizuri apewe chupa, anayemaliza chupa aende nyumbani, na asiyemaliza amalizishwe.

Kumalizishwa kwenyewe kulikuwa hivi. Sista alishika taya ya mtoto kwa vidole viwili, akabana mashavu, akaizungusha chuchu ya chupa mdomoni na kuichezesha, na maziwa yakaingia mtoto atake asitake. Mara ya kwanza Kaidi alimeza, akameza tena, akameza tena, akasahau kupumua. Midomo ikageuka zambarau. Mashine iliyosikiliza moyo wake ikaanza kulia. Sista, kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, alimgeuza, akamsugua mgongo, rangi ikarudi. Akamwambia Refa asiogope, ni kawaida yao, watazoea. Kisha akairudisha chupa.

Kaidi hakuzoea. Ikawa kila mlo ni vita, na baada ya siku kadhaa alianza kufunga mdomo kabla chupa haijamfikia. Aligeuza shingo. Alitandaza vidole kama mtu anayesimamisha gari barabarani. Alikunja uso, na mambo yote hayo yaliposhindikana, alilegea ghafla na kulala fofofo mikononi mwa nesi. Sista alisema mtoto ni mvivu. Manesi wengine wakalichukua neno, na Refa akawa analisikia kila zamu: yule mvivu wa kule pembeni, anzeni naye mapema.

Refa hakujua lolote kuhusu watoto njiti, na hakujidai kujua. Lakini riziki yake aliipata kwa kutazama miili ya watu. Mchezaji anayejiangusha alimtambua kabla hajagusa nyasi, na aliyeumia kweli pia alimtambua, hata akijikaza. Alimtazama binti yake akilegea, akasema moyoni kwamba huyu haigizi. Huyu anakimbia kwa njia pekee aliyonayo.

Siku hiyo Sista alipokuja na chupa, Refa alisimama.

"Sista, naomba tuache. Mtoto amekataa."

"Mtoto njiti hajui kukataa, mama. Ndiyo maana tuko hapa, tumfundishe."

"Amegeuza uso, ametandaza mikono, amefunga mdomo. Afanye nini tena, aandike barua?"

Mama Pacha alicheka, halafu akakimeza kicheko chake alipoona Sista hacheki. Sista alisogea kama kawaida, akanyoosha vidole kushika taya. Refa akaweka kiganja chake katikati, baina ya chupa na uso wa mtoto. Hakumsukuma mtu, hakupaza sauti. Aliweka tu mkono, na mkono ukabaki pale.

"Mpe kwa mpira, maziwa sijakataza," alisema. "Lakini mdomo ni wake."

Kwa miaka yote ya Sista Mkuu hakuna mama aliyewahi kumwekea mkono. Alimwambia Refa kwa sauti ya chini kwamba atampeleka kwa daktari, na Refa akajibu, kwa sauti ya chini vile vile, kwamba atashukuru.

Kabla ya daktari alifika mama mkwe. Alikuja na mwanawe saa ya kuona wagonjwa, akasikia habari kuanzia kwenye lango, akaingia uso umemkunjamana. Alikuwa amelea watoto wengi, wake na wa wenzake, na wote, alisema, walikingiwa kiganja mdomoni, wakabanwa pua, wakanyweshwa, na leo wana ndevu. "Mwanangu," alimwambia Refa, "mtoto haombwi ruhusa." Refa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alimheshimu, akasema kwamba amesikia na kwamba jibu lake ni lile lile. Mama mkwe akamgeukia mwanawe. Wewe ndiye mwenye nyumba, alimwambia, mweleweshe mkeo.

Fundi wa mafriji alikwenda kusimama karibu na kitanda cha mtoto. Nesi aliyekuwa jirani alikuwa akimwandalia mtoto mwingine chupa, akaipitisha mbele ya Kaidi. Haikumgusa, ilipita tu. Kaidi akakunja uso na kugeuka mpaka shingo ikatetemeka. Baba yake aliliona jambo hilo.

"Mama," alisema, bila kuinua macho, "mimi niko na mke wangu."

Hakuwahi kumpinga mama yake tangu azaliwe. Mama mkwe alifunga kitambaa chake upya, akaondoka bila kuaga, na kwa siku nyingi hakukanyaga tena hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mtu mwenye haki lakini mwenye haraka. Alimsikiliza Sista, akamsikiliza Refa, akaagiza aitwe mtaalamu wa kufundisha watoto kula, msichana mrefu aliyekuja kutoka hospitali nyingine mara chache kwa mwezi na ambaye mama wa wodi walimwita Mwalimu wa Kumeza. Mwalimu hakugusa chupa. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama Kaidi akilala, akiamka, akipewa maziwa kwa mpira. Kisha ndipo akaanza kueleza.

Mtoto anayekaa tumboni mpaka mwisho, alisema, huko huko hujifunza kunyonya na kumeza. Huyu alitolewa kabla ya somo kwisha. Sasa anatakiwa anyonye, ameze na apumue kwa zamu, kama mtu anayeingia kwenye kamba inayozungushwa: akikosea hatua, kamba inampiga. Ukimsukuma aingie kabla hajawa tayari, anachojifunza ni kimoja tu, kwamba mdomoni ndiko hatari inakoingilia. Alimwonyesha Refa namna ya kungoja mpaka mtoto aamke mwenyewe na kuanza kutafuta kwa midomo. Alimwonyesha kumlaza kiubavu, kichwa juu kidogo, na kumweka kwanza kwenye titi lililokwisha kukamwa ili alambe matone bila kumwagiwa, huku tumbo likijazwa kwa mpira, apate kujua kwamba shibe na mdomo ni ndugu. Akikunja nyusi au kutandaza vidole, mwondoe. Hata kama ameonja tone moja, mlo wa mdomo umekwisha.

Lakini hakumpaka Refa mafuta. Alimwambia wazi kwamba njia hii ni ya polepole, kwamba wako watoto wanaochelewa nayo, na kwamba kuhusu uzito Sista ana haki. Mtoto asiyeongezeka hawezi kungojwa milele.

Daktari alikubali nusu nusu. Alimpa Refa mpaka raundi kubwa ya wiki iliyofuata, atakapopita tena kitanda kwa kitanda. Pasipokuwa na maendeleo, Sista ataendelea kwa utaratibu wake, na saa za kulisha Refa atakaa nje ya mlango.

Wiki hiyo Refa aliishi kwa kungoja, na kungoja hakukuwa kazi yake. Kaidi alilamba. Siku nyingine alilamba na kupiga chafya, siku nyingine hakulamba kabisa. Asubuhi Sista alimweka kwenye mizani. Mara ya kwanza uzito ulisimama pale pale, mara ya pili ukashuka kidogo. Sista hakusema neno. Alimwonyesha tu Refa mizani, akamfunika mtoto vizuri, akaenda zake, na ukimya huo ulimchoma Refa kuliko matusi ya jukwaa lolote. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama ubishi wake ndio unaomla mtoto.

Asubuhi ya raundi maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kaidi alikuwa amelala, ameshiba, mkono chini ya shavu. Kutoka upande wa pili wa wodi Refa alisikia sauti ya daktari na wanafunzi wake wakisogea kitanda kwa kitanda. Akafikiria mlango. Akafikiria vidole kwenye taya. Akamwinua mtoto.

Alimbadili nepi ili aamke. Akamkuna nyayo. Kaidi alifungua jicho moja bila furaha, na Refa akamweka kwenye titi lililojaa, ambalo hakulikama tangu alfajiri ili daktari aone kitu. Midomo ilibaki imefungwa. Nyusi zikakunjana, vidole vikatandaa. Refa aliona yote hayo. Aliyaona wazi kama rafu iliyochezwa mbele ya macho yake, na akageuza uso. Alisukuma.

Maziwa yakafunguka kwa nguvu. Kaidi alimeza, akapaliwa, akanyamaza. Zambarau ikapanda kutoka midomoni mpaka kwenye paji la uso, na mashine ikalia.

Sista Mkuu ndiye aliyefika wa kwanza. Alimchukua mtoto, akamgeuza, akamsugua mgongo, akamwita kwa jina lake la utani mpaka akavuta pumzi na kulia kilio kidogo chenye hasira. Rangi ikarudi. Daktari na wanafunzi wake walikuwa wameshafika, wamesimama nusu duara, wameona kila kitu. Sista alimtazama Refa. Angeweza kusema lolote wakati ule, na lingekuwa halali yake.

"Anapumua," alisema. "Mpakate."

Refa alimpokea binti yake. Alijua alichofanya. Hakumlazimisha kwa sababu ya njaa ya mtoto, alimlazimisha ili ashinde. Daktari alimuuliza, si kwa ukali, kama ana la kusema. Wote walidhani atapiga abautani, na Mama Pacha alikwishaanza kufuta machozi kwa niaba yake.

"Nimekosa mimi," Refa alisema. "Alikataa, nikaona, nikamlazimisha ili nikuonyeshe. Leo sina cha kukuonyesha, daktari. Na bado sikubali. Sikubali mumlazimishe ninyi, na kuanzia leo sikubali nimlazimishe mimi. Mkiniweka nje nitakaa pale pale kwenye kioo cha mlango, na kila mtakapomshika taya mtaniona."

Daktari alifungua mdomo, lakini Sista akamtangulia.

"Mimi nataka kitanda changu, daktari," alisema. "Chumba cha kifuani kina nafasi. Ahamie huko, ambebe kifuani usiku na mchana, mpira ubaki, na mimi nitampima kila asubuhi. Mtoto huyu nimemlazimisha mimi, mama yake naye kamlazimisha, na sote katushinda. Tutaendelea kushindana naye mpaka lini?"

Mwanafunzi mmoja alitabasamu. Daktari alisema sawa.

Chumba cha kifuani kilikuwa chumba kidogo chenye vitanda vinne na pazia la kijani, ambako kina mama walifungiwa watoto wao vifuani kwa kitambaa, ngozi kwa ngozi, wakala hivyo, wakalala hivyo, wakatembea hivyo kama watu waliobeba mayai. Refa alimbeba Kaidi. Hakumpa kitu mdomoni. Alikama, nesi akamimina kwenye mpira, mtoto akashiba akiwa amelala juu ya moyo wa mama yake. Uzito ukaacha kushuka. Kisha ukaanza kupanda, kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Mchana mmoja, jua likiwa kali nje ya pazia, Kaidi aliamka mwenyewe. Alipiga midomo. Aliinua kichwa kilichokuwa kikitikisika kama ua kwenye kijiti, akakiangusha, akakiinua tena, akajikokota kwa mashavu mpaka akalifikia titi. Refa alishikilia ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili ili asimsaidie kupita kiasi. Kaidi alilamba. Akashika. Akanyonya, akatulia akapumua, akanyonya tena, akatulia. Halafu akaachia, akatandaza vidole vya mkono mmoja, akafumba macho.

Kila kiungo cha Refa kilitaka kumrudisha. Hakumrudisha. Alimpandisha juu kifuani, akamfunika.

Sista alichungulia pazia. "Kanyonya?"

"Kaonja."

"Kuonja si haba," Sista alisema, akaondoka na mwendo wake wa haraka.

Haikuwa njia iliyonyooka. Zilikuwapo siku Kaidi alizokataa kabisa, na siku moja mafua yalimrudisha nyuma karibu mpaka alikoanzia. Refa alilia chooni, akanawa uso, akarudi kukaa. Lakini kila alipoanza tena, alianza kwa kutaka mwenyewe, na hakuwa tena yule mtoto aliyegeuza shingo kwa kuiona chupa tu. Kisha asubuhi moja aliukamata mpira wake, akauvuta wote mpaka nje, akaushikilia kwenye ngumi. Sista alikuja na mpira mpya. Alimtazama mtoto, akautazama mpira, akautia mfukoni.

"Nampa mpaka kesho. Akipungua naurudisha, na sitaki kusikia mdomo wako."

"Hutausikia, sista."

Siku ya pili mizani ilionyesha nyongeza ya uzito wa kijiko cha sukari. Sista aliisoma kwa sauti, akaisoma tena kwa sauti zaidi, ili na wale wa kitanda cha mwisho wasikie.

Katika wodi kubwa mambo hayakubadilika yote. Wapo manesi wa zamu nyingine walioendelea kubana mashavu, na wapo waliosema Refa alibahatika tu. Lakini Mama Pacha naye aliweka kiganja siku moja, kwa woga mwingi, na nesi akasita. Na Sista Mkuu, kabla ya kunyanyua chupa, alianza kuuliza swali ambalo hakuwa akiliuliza: yuko macho?

Kaidi alikwenda nyumbani akinyonya. Alikuwa bado mdogo kuliko watoto wa rika lake, na jamaa walipokuja kumwona walificha mshangao wao vibaya. Mama mkwe alikuja pamoja nao. Hakusema lolote kuhusu ile siku ya hospitali. Alimpokea mjukuu, akakaa naye pembeni ya dirisha, akimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Aliyeongea ni shangazi wa mume, mwanamke mwenye sauti na uzoefu. Alisema mtoto amekonda, hawa wazazi wa siku hizi wanabembeleza mno, akaagiza chupa, akaijaza, akamchukua mtoto na kuanza. Kaidi aligeuza uso. Shangazi akamgeuza arudi. Refa alikuwa tayari ameshainuka kitini, maneno yamemjaa kinywani, lakini hakuwahi kuyatumia. Mama mkwe alikuwa ameshaishika ile chupa.

"Wifi, hukuona amegeuka?"

"Watoto wote hugeuka."

"Huyu akigeuka ndiyo basi. Mimi nilibishana nao hawa, nikafukuzwa hospitali."

Hakufukuzwa na mtu, alikwenda zake mwenyewe, lakini Refa aliliacha lipite. Shangazi alinuna, akasema kila nyumba na mambo yake. Mama mkwe aliiweka chupa juu ya kabati, mahali ambapo shangazi asingeifikia bila kupanda kiti, akamlaza Kaidi begani. Mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Baadaye sana, chai ikiwa imekwisha, mtoto aliamka mwenyewe na kuanza kutafuta kwa midomo kwenye shingo ya bibi yake.

"Haya," mama mkwe alisema, akisimama naye taratibu kumpelekea mama yake, "sasa anataka."